Ukame Wangu Msiumwagilie

Siku ya kuniaga mlinipa keni ya kumwagilia maua. Keni nzuri, ya bati, imepakwa rangi ya kijani, shingoni mmeifunga utepe. Mshereheshaji akasema, "Mama yetu sasa akapumzike nyumbani, amwagilie bustani yake." Mkapiga makofi. Nikaipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundwa, nikasema asanteni, nikarudi kukaa. Nasikia mlinong'onezana kwamba Mama Ukame kanuna hata siku yake ya mwisho. Ni kweli, nilinuna. Na kwa kuwa hakuna aliyenifuata kuniuliza kwa nini, nimekaa chini niwaandikie, tena kwa hasira ileile, maana nikingoja ipoe sitaandika kitu.

Wanangu, mimi nimefanya kazi ya kuyazuia maji. Tangu nilipoajiriwa kwenye kituo chetu cha utafiti wa mbegu mpaka nimestaafu, kazi yangu ilikuwa kuinyima mimea maji kwa makusudi ili nione upi unajua kuvumilia, na unavumiliaje. Nimeziba mifereji kwa tope, kwa mikono yangu. Nimegombana na walinzi waliokuwa wakinawia miguu kwenye vitalu vyangu. Nimewahi kumfukuza shambani mchungaji wa kanisa langu mwenyewe, ambaye aliionea mimea huruma akaimiminia maji yake ya chupa. Mtu wa namna hiyo mnampa keni! Na ile risala nayo, loo, eti "alifanya kazi bila kulalamika." Nani? Mimi? Nimelalamika kwa kila mkuu wa kituo aliyepita pale, na mmoja wao mpaka leo akiniona sokoni Vwawa anavuka barabara.

Nilifika kituoni nikiwa msichana nimetoka chuo, nimevaa viatu vya kisigino. Kwetu ni Ileje, milimani, ambako mvua ikichelewa kidogo tu watu wanaanza kutazamana. Ukame nilikuwa nimeusoma kwenye vitabu. Aliyenipokea ni Mzee Nzunda, msimamizi wa mashamba ya majaribio, Mnyiha wa Ihanda, mrefu, mwenye kofia ya pama iliyochakaa ukingoni. Hakuniuliza cheti.

"Una penseli?" akaniuliza.

"Nina kalamu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kalamu kaandikie barua kwenu. Wino wa kalamu jua la Momba linaulamba wote, ukirudi kuvuna unakuta vibao vya mbegu ni vyeupe, hujui kipi ni kipi. Penseli haitoki." Akachomoa penseli yake mfukoni, akaikata katikati kwa kisu cha kupogolea, akanipa nusu. Nilianza kazi ya serikali na nusu penseli.

Kisha akanifundisha kuchomeka kidole udongoni kabla sijafungua mdomo kusema shamba limekauka au halijakauka. Akanifundisha kuangalia jani la mtama saa za jua kali, linavyojikunja kwa urefu kama mkeka, na kuangalia tena asubuhi kama limekunjuka. Lililokunjuka bado lina nguvu. Lililobaki limejikunja hadi asubuhi limeanza kuzidiwa. Na akaniambia jambo ambalo nimewaambia ninyi mpaka mmelichoka: "Jaribio la ukame ni mfungo, mwanangu. Anayefunga akimeza tonge moja, amefungua. Huwezi kusema alimeza kidogo tu."

Baadaye nilirudi masomoni, na huko ndiko nilikokutana na vinasaba. Niliporudi nilikuwa nimejaa maneno kama gunia la pumba. Mzee Nzunda akanikalisha kwenye tuta. "Nieleze," akasema, "lakini nieleze kama unanieleza mimi, si kama unawaeleza waliokupa shahada."

Nikamweleza. Nawaeleza na ninyi, maana wengine wenu mnatamka maneno haya kwenye mikutano na bado mnababaisha. Zamani sana, ndani ya mmea wa kale, kinasaba kimoja kilijinakili. Nakala nayo ikajinakili. Vizazi vikapita, kila nakala ikabadilika kidogo, ikashika kazi yake, lakini ukizisoma zote unaona ni ndugu, sura ni moja. Hiyo ndiyo familia ya vinasaba. Ndani ya mtama, mahindi na ulezi kuna familia kadhaa ambazo huamka udongo unapokauka. Moja ni ya wanyapara: wenyewe hawabebi mzigo, kazi yao ni kuwaamsha wengine. Nyingine hutengeneza protini za kuzikinga seli zisivurugike maji yanapopungua. Nyingine husimamia vijia vya maji kutoka seli hadi seli. Nyingine zinahusika na kufunga vile vitundu vidogo vya jani ambavyo mmea hupumulia, maji yasitoroke.

Mzee akakuna kidevu. "Kina Nzunda kule Ihanda tuko wengi," akasema. "Mmoja ana mashine ya kahawa. Mmoja katekista. Mmoja anasafirisha mizigo pale Tunduma, mwingine yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na hatujui hasa anafanya nini. Wote ni ukoo mmoja. Sasa shida ikitokea, anakuja nani?"

"Hapo hapo, Mzee," nikamwambia. "Hilo ndilo swali langu lote. Nani anakuja, na anakuja mapema au anakuja tumeshazika?"

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Lakini tulielewana, na sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo.

Maana watu wanadhani kuna mtama wenye "kinasaba cha ukame" na mtama usio nacho, kama vile kuna nyumba yenye bati na nyumba ya nyasi. Hapana. Familia hizo karibu kila mtama unazo. Tofauti ni nani ameamka, kaamka lini, kaamka kwa nguvu gani. Na huwezi kumuuliza aliyelala. Lazima uchume jani wakati mmea uko kwenye kiu hasa, ulifunge kwenye karatasi ya alumini, ulitumbukize pale pale kwenye nitrojeni ya kimiminika ligande, kwa sababu jani lililochumwa linaendelea kubadilika mkononi mwako. Nitrojeni yenyewe tulikuwa tunaomba kwa watu wa mifugo, ambao wanaitumia kuhifadhi mbegu za madume kwa ajili ya uhimilishaji. Mtungi wetu uliwahi kuletwa kimakosa ukiwa na mbegu za fahali ndani. Mtafiti mwenzangu mmoja alitaka kuziandika kwenye orodha ya aina za mtama.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niwe hivi nilivyo.

Kwenye kata ya Ndalambo kulikuwa na mama mmoja Mnamwanga, Bi Estelia Simbeye. Tulimfikia baada ya msimu mbaya. Mvua ilikata mtama ukiwa unataka kutoa masuke, mashamba ya jirani zake yakabaki mabua, lakini lake lilikuwa limeshika. Si kwamba lilikuwa zuri. Lilikuwa limeshika. Mtama mfupi, suke limefumbata, punje nyekundu. Alisema ni mtama wa mama mkwe wake, na kabla yake wa mama mkwe wa huyo.

Tulimwomba mbegu.

"Kwetu hapa mbegu hii haiuzwi wala haigawiwi," akasema. "Inaazimwa. Unapanda, unavuna, unarudisha. Nimewaazima wifi zangu mpaka ng'ambo, Zambia, na wamerudisha. Ninyi wa serikali mnarudishaga?"

Mzee Nzunda akavua kofia. "Tutarudisha, mama."

"Na mkishaipima?"

Mimi nikadakia. Nilimwambia tukiona inaamka mapema kwenye ukame, itaingia kwenye mpango wa kituo, itazalishwa kwa wingi, itarudi Ndalambo kwa magunia, na maofisa kilimo wataacha kuwaambia watu kwamba mtama ni chakula cha ndege na mahindi ndiyo maendeleo. Na nisipoona hivyo? Nikasema ukweli: itafutwa kwenye mpango. Hakukuwa na nafasi ya msimu wa pili kwa mbegu ya mama mmoja wa Ndalambo. Alikuwa amebakiza mbegu kidogo kwenye kibuyu. Akamimina nusu kwenye kanga yangu.

Tulipanda kiangazi, kwenye shamba letu la majaribio upande wa Chitete. Kiangazi hakuna mvua ya kukushtukiza. Unamwagilia kwa mpira mpaka mimea inakaribia kutoa masuke, halafu unafunga koki. Mbegu ya Bi Estelia ilikuwa katikati ya zile zilizoboreshwa, ambazo zilikuwa zimeshapimwa misimu iliyopita. Tukafunga koki. Udongo ukaanza kupasuka. Mimea mingine ikajikunja mchana na kubaki imejikunja hadi asubuhi. Ya Ndalambo ilijikunja mapema kuliko yote, na asubuhi ilikuwa imekunjuka. Mzee Nzunda alikuwa akiipitia kila asubuhi kama mgonjwa wodini. "Huyu kuna ndugu yake ameamka," akawa ananiambia. Nami nikawa nahangaika kupata nitrojeni ili tuchume majani kiu ikiwa kwenye kilele.

Wakati huohuo ikaja taarifa kwamba kuna mgeni rasmi.

Ninyi mnajua neno hilo linavyofanya watu. Mawe yalipakwa chokaa. Nyasi zikafyekwa mahali ambapo hatujawahi kujua kuna nyasi. Choo kikapata mlango. Na mkuu wa kituo wa wakati ule, mtu msafi, mwenye suruali yenye mstari wa pasi hata shambani, akaja kukagua, akasimama mbele ya vitalu vyangu, uso ukamshuka.

"Mama, hii nini?"

"Jaribio la ukame, Mkuu."

"Najua. Lakini imenyauka."

"Ndiyo, Mkuu. Ni ukame."

"Mgeni rasmi hawezi kuletwa kwenye mimea iliyonyauka. Ataona kituo kimelala. Atauliza fedha zinakwenda wapi."

Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu mfungo, nikamwambia kuhusu wanyapara, nikamwambia kwamba mimea hii ikipata maji, wale walioamka watalala kabla hata jua halijazama, na hakuna dawa ya kuwaamsha upya vilevile. Akatikisa kichwa kwa upole. Wakubwa wa aina hiyo ndio wabaya. Anayekufokea unajua umesimama wapi. "Nimekuelewa kabisa, Mama," akasema. Halafu akaniagiza Tunduma nikafuatilie mtungi, kwani gari la mifugo lililokuwa likiuleta kutoka Mbeya lilikuwa limekwama kwenye foleni ya malori.

Nikaenda. Foleni ilikuwa ile mnayoijua, malori yamejipanga kuelekea mpakani, madereva wamefunga vyandarua chini ya matela na kuinjika sufuria. Nililipata gari, nikaukumbatia mtungi nyuma ya pikipiki, tukapita katikati ya matairi. Kila tukigonga shimo, moshi mweupe unatoka kwenye kifuniko, ndiyo mali inaondoka. Mama mmoja muuza mikate akaniuliza kwa Kibemba nimebeba nini. Nikamwambia nimebeba baridi. Akasema basi nimuuzie, soda zake zimepata moto. Nilicheka njia nzima. Nilikuwa na furaha jamani, kumbe nacheka matanga yangu mwenyewe.

Nilipofika shambani kesho yake asubuhi, nilisikia harufu kabla sijaona. Harufu ya udongo uliolowa. Kiangazi! Boza la maji lilikuwa limepita kila kitalu, alama za matairi zimejaa maji, na mimea yote, yote, imesimama wima, majani yamekunjuka, kijani inang'aa. Mzee Nzunda alikuwa ameketi kwenye tuta, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa amejaribu kusimama mbele ya boza wakamwambia, "Mzee, umebakiza muda mfupi ustaafu, usijiharibie." Wakampita pembeni.

"Wameilisha, mwanangu," akaniambia. "Mfungo wote umekwenda bure."

Niliuweka mtungi chini nikalia. Ndiyo, nililia, na sioni aibu kuandika. Kisha nikanyanyuka, kwa sababu magari yalikuwa yanaingia.

Mgeni rasmi alishuka, akapokewa kwa ngoma na kwaya, akatembezwa. Akafika kwenye vitalu vyangu, akasimama kwa kuridhika, akageukia kipaza sauti. "Ndugu wananchi," akasema, "nimefarijika sana. Nimeambiwa mbegu hizi hazijapata maji kwa muda mrefu. Lakini tazameni zilivyo kijani! Hii ndiyo sayansi. Hii ndiyo kazi ya wataalamu wetu." Makofi. Mkuu wa kituo akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nikanyoosha mkono, sikungoja kupewa nafasi. "Mheshimiwa, hizi zimemwagiliwa jana. Na boza. Alama za matairi hizo hapo miguuni kwako."

Mgeni rasmi akaangalia viatu vyake, vimejaa tope, katikati ya kiangazi. Nilidhani, sasa ataelewa. Mshereheshaji akamnyang'anya kipaza sauti: "Huyu mama yetu ana utani sana! Kina mama, vigelegele!" Wakapiga vigelegele. Kwaya ikaanza. Mgeni rasmi akacheka, akanipungia mkono, akaendelea kwenye banda la asali. Hivi kweli! Tope liko kwenye kiatu chake, na bado aliambiwa ni utani akakubali.

Baada ya sherehe mkuu akaniamuru nichume majani, kwa sababu ripoti ilikuwa inasubiriwa. Nikakataa. "Nichume ya nini, Mkuu? Nikamuulize aliyeshiba kama ana njaa?" Akampa kazi mtu mwingine, ambaye sitamtaja, kwa sababu leo ni mkubwa na ana watoto. Majani yakachumwa, yakaganda kwenye baridi niliyoibeba mimi kifuani, yakapelekwa maabara. Majibu yakaja kama nilivyosema: wanyapara wamelala, walinzi wa seli wamelala, wote wako kitandani. Zile mbegu zilizoboreshwa zilikuwa na majibu ya misimu mingine ya kuzitetea. Ya Ndalambo ilikuwa na msimu huo mmoja. Ikaandikwa kwamba haionyeshi mwitikio wowote kwa ukame, ikafutwa.

Nililalamika kituoni, nikalalamika juu ya kituo, nikalalamika mpaka kwenye mkutano wa wafadhili, ambako mzungu mmoja alinisikiliza vizuri sana akaniambia mradi umekwisha. Mzee Nzunda hakulalamika. Alistaafu, akarudi Ihanda kwenye kahawa yake, na kila nilipokwenda kumsalimia alikuwa ananiuliza swali moja: "Ile ya Ndalambo wamerudia?" Nikawa namjibu bado. Aliondoka duniani nikiwa bado namjibu bado.

Lakini deni la kurudisha mbegu tulilitimiza pamoja kabla hajastaafu. Yale maji ya boza angalau yalijaza masuke. Tukavuna, tukapeleka Ndalambo zaidi ya ile aliyotumiminia. Bi Estelia akaipepeta, akaitazama, akaridhika.

"Haya. Wamesemaje?"

Mzee Nzunda akaangalia chini. Nikasema mimi. "Wamesema haihimili ukame, mama."

"Haihimili!" Akasimama kabisa. "Haihimili vipi? Mliinyima maji vizuri?"

"Tuliinyima. Ikafanya vizuri. Halafu wakaimwagilia."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na mgeni rasmi anakuja."

Akakaa tena. Akafumba mbegu ngumini. Kisha akauliza, bila kejeli kabisa, kama mtu anayetaka kujua: "Huyo mgeni anapatikana wapi? Mvua ikikata huku na sisi tumwite. Kama akija tu maji yanakuja, mbona mmemficha?"

Nimefika mikutano mingi, nimesikia watu wakisema mambo makubwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi kwenye vyumba vyenye kiyoyozi, na kila mara nilikuwa nasikia sauti ya mama yule ikiuliza mbona mmemficha.

Miaka ikaenda. Wakuu wakabadilika. Vifaa vikawa vizuri. Siku hizi mnasoma familia nzima ya vinasaba kwa muda ambao sisi tulikuwa tunatafuta gari. Ndalambo watu wakaletewa mahindi, wakaletewa tena mahindi, na wale waliokuwa wameazima mtama wa Bi Estelia wakaacha mmoja mmoja. Mwaka wangu wa mwisho kazini ukaja mradi mpya uliokuwa unatafuta mitama ya asili. Nikamchukua Neema, binti Mlambya anayeshika kazi yangu sasa, tukaenda Ndalambo. Bi Estelia amezeeka, haoni vizuri, lakini alinitambua kwa sauti.

"Wewe. Umekuja kuazima tena."

"Nimekuja, mama."

"Kijiji kizima nimebaki mimi ninayeipanda. Nikiondoka mimi, imeondoka. Mtaimwagilia?"

"Hatutaimwagilia."

"Na mgeni akija?"

Kabla sijajibu, Neema akapiga magoti mbele yake. "Bibi, akija mgeni nitakuita uje umpokee wewe."

Tukapanda kiangazi hiki, shamba lilelile. Mimi nikafika umri wangu katikati ya jaribio, mkaniaga, mkanipa keni. Kabla sijaondoka nilimwambia Neema maneno machache tu: nitrojeni mtume mtu mwingine, wewe usitoke shambani.

Nasi tuendelee, maana mengine mnayajua, mlikuwepo, ingawa baadhi yenu mlijificha nyuma ya magari. Ikaja taarifa ya mgeni rasmi. Mkuu mpya, kijana mzuri, anayeniamkia kila tukikutana, naye akasimama mbele ya vitalu, naye uso ukamshuka. Lo, nilipopigiwa simu nikaambiwa alichosema nilishika ukuta. "Tunyunyizie kidogo tu." Kidogo tu! Vizazi viwili vya wakuu wa kituo, shahada juu ya shahada, na bado tuko kwenye kidogo tu!

Nikapanda basi. Sikuwa mtumishi tena, hakuna wa kunitisha kwa pensheni. Nilipita Ndalambo kumchukua Bi Estelia, tukafika Chitete asubuhi, na keni yenu nikiwa nimeishika mkononi. Boza lilikuwa limesimama getini, limezimwa. Neema alikuwa amefunga kufuli, amekaa kwenye ndoo mbele ya tairi, anakula muhindi wa kuchoma.

"Dada, mimi nimeagizwa," dereva alikuwa anamwambia.

"Hata mimi nimeagizwa."

"Na nani?"

"Na Mama Ukame. Huyo hapo anakuja, muulize."

Dereva akaniangalia, akaiangalia keni mkononi mwangu, sijui alifikiri nini. Akawasha gari, akaenda kumwaga maji barabarani kupunguza vumbi. Hapo sina ugomvi naye, vumbi lilikuwepo kweli. Keni yenu niliijaza kokoto, nikaining'iniza kwenye kamba juu ya mtama wa Bi Estelia. Upepo ukiitikisa ndege wanaruka. Ndiyo kazi iliyoipata. Mtungi ulifika, Neema akachuma majani ya kila kitalu jua likiwa utosini, udongo umepasuka kiasi cha kuingiza kiganja. Tulikuwa tunafunga mfuniko wa mwisho magari yalipoingia.

Majibu bado hayajatoka. Sijui yatasemaje, na mimi si mtu wa kutabiri. Labda wanyapara wa mtama ule wanaamka mapema, labda kuna ukoo mwingine tusioujua. Lakini safari hii mtama umeulizwa swali la kweli, na atakayeufuta ataufuta kwa jibu lake wenyewe.

Mgeni rasmi alishuka. Akatembezwa mpaka kwenye vitalu. Mbele yake mabua yaliyokunja majani, vumbi, na keni ya kijani inagonga kokoto. Akamgeukia mkuu. Mkuu akanigeukia mimi. Neema akamshika Bi Estelia mkono, akamsogeza mbele mpaka akasimama karibu kabisa na mgeni, maana haoni vizuri.

"Ndiye huyu?" Bi Estelia akauliza.

"Ndiye, Bibi."

Akampa mkono. "Karibu kwenye ukame," akamwambia. "Umechelewa, baba, lakini karibu."